Mota imesimama, lakini stima bado iko

"Assalaam alaykum mwalimu. Nina karakana ya useremala hapa Lamu, upande wa Langoni, tunatengeneza milango ya kuchora na samani. Mashine yangu ya randa ina mota ya fezi tatu, kibao chake kimeandikwa 7.5 kW, 415 V. Mwaka huu imeungua mara mbili na mara zote mbili nimeipeleka kuwaindiwa, yaani kusukwa upya nyaya zake za ndani. Kitufe cha kijani cha stata ukikiachia hakishiki, mota inazima, kwa hivyo tumekikaza kwa kipande cha mti, na sasa tunawashia na kuzimia kwenye meini swichi ukutani. Ovalodi nayo ilikuwa ikikata kila saa, fundi akaizungusha mpaka mwisho. Juzi kijana wangu alikuwa akibadilisha visu, meini imezimwa, mtu akaja akaiwasha akidhani ni ya taa. Alhamdulillahi mkono ulikuwa umeshatoka. Je, niweke swichi nyingine karibu na mashine? Na hii invata ninayoisikia, itanizuilia mota isiungue tena? Kuna anayeniambia kitufe chekundu kinatosha."

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Kwanza nimshukuru Mungu pamoja nawe kwa huo mkono. Umeniuliza maswali matatu, lakini nikisoma barua yako naona ni jambo moja: mashine yako imepoteza stata yake, yaani kile kisanduku cha vitufe kinachowasha na kuzima mota, na meini swichi imefanywa ifanye kazi tatu ambazo haikuumbwa kuzifanya. Hata kuungua kwa mota, nadhani kumetokana na hapo hapo.

Nianze na kile kipande cha mti. Kitoe leo, kabla hujamaliza kusoma. Ndani ya stata kuna kontakta, yaani swichi kubwa inayovutwa na sumaku. Ukibonyeza kijani, koili ya sumaku hiyo inapata stima, sumaku inavuta, ncha tatu zinagusana na mota inaondoka. Pembeni ya zile ncha kubwa kuna ncha moja ndogo ambayo kazi yake ni kuishikilia koili baada ya wewe kuondoa kidole. Ndiyo iliyokufa kwako. Mara nyingi ni waya wake mwembamba umelegea, au ncha yenyewe imeshika kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Fundi anayejua kazi anaimaliza kwa nusu saa, kwa kusafisha au kubadilisha kijisanduku kinachopachikwa juu ya kontakta.

Ubaya wa ule mti ni kwamba umeua ulinzi ambao hata hukujua unao. Stata ikiwa nzima, stima ikikatika mtaani kontakta inaachia, na stima ikirudi mashine inabaki kimya mpaka mtu abonyeze. Kwako wewe, stima ikirudi saa yoyote, randa inaondoka yenyewe. Tena fikiria: ukibonyeza kitufe chekundu mota inazima, ila ukikiachia tu inaondoka upya, kwa sababu kijani bado kimekandamizwa. Na kama ovalodi yako, yaani kifaa kinachokata mota ikivuta mkondo kupita kiasi, imewekwa kujirudisha yenyewe, basi mota ikikatwa kwa joto itasubiri ipoe kidogo, kisha itaanza bila kuambiwa na mtu, huku kijana ameinama juu ya visu akitafuta kwa nini imesimama. Kwenye ovalodi nyingi kuna kijiti chenye alama mbili, cha mkono na cha kujirudisha. Weka cha mkono.

Sasa yule anayesema kitufe chekundu kinatosha. Kinatosha kusimamisha mashine. Hakitoshi kuingiza mkono ndani yake. Kitufe hakigusi nyaya za mota kabisa. Kinachokata ni kijiwaya cha koili, kisha tunategemea springi izitenganishe zile ncha kubwa. Nilipokuwa kijana nikifanya kazi katika kiwanda kimoja cha barafu Malindi, tulizima mota ya kompresa kwa kitufe, ikatulia. Mwenzangu akafungua kisanduku cha mota, akashika terminali (vifundo vya kuunganishia nyaya), akarushwa hadi ukutani. Kontakta ilikuwa imechoka, ncha moja kati ya tatu ilikuwa imeganda kwa kuyeyuka na nyingine mbili zikaachia. Fezi moja peke yake haizungushi mota, kwa hivyo ilisimama kama mota yoyote iliyozimwa. Lakini ile fezi ilipitia kwenye koili za mota ikafika terminali zote tatu, na kila moja ilikuwa na volti 240 kuelekea ardhini. Alipona, ila kidole kimoja hakikunyooka tena.

Ndiyo maana jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo: weka swichi ya kutenga karibu na mashine, mahali ambapo anayebadilisha visu anaiona bila kugeuza shingo sana. Mafundi tunaiita isoleta. Iwe ya ncha tatu, ifae mkondo wa mota yako, iwe na kisanduku kisichoingiza vumbi wala unyevu (tafuta alama ya IP65), na mkono wake uwe na tundu la kufuli. Usikubali bila lile tundu. Kisa chako cha juzi hakikutokana na kukosa swichi, kwani swichi ilikuwepo na ilikuwa imezimwa. Kilichokosekana ni kufuli, na ufunguo ndani ya mfuko wa yule kijana mwenyewe, si wa mwenye karakana wala si kwenye msumari ukutani. Kama wanafanya kazi wawili, kufuli ziwe mbili.

Ukienda dukani utaona isoleta mbili zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa bei. Soma maandishi madogo ubavuni. Yenye alama ya AC-23 imejaribiwa kukata mota inayofanya kazi, ikilazimika. Isiyo na alama hiyo huenda ni ya kutenga tu, yaani ifunguliwe wakati hakuna mkondo unaopita. Nunua ya AC-23, kisha uitumie kana kwamba hairuhusiwi: bonyeza chekundu kwanza, kontakta ikate mzigo, visu viishe kuzunguka, ndipo ugeuze isoleta na kutia kufuli. Kuwasha ni kinyume chake, isoleta kwanza, kijani mwisho.

Pengine utauliza ubaya wa kukata kwa meini ni nini, maana mmekuwa mkifanya hivyo na mota inazima vizuri tu. Mkondo unaopita kwenye koili za mota haupendi kukatwa ghafla. Ncha zinapoachana, stima inaruka hewani kati yake, ndiyo ile cheche ya buluu unayoiona usiku kwenye mwanya wa kisanduku. Ni moto wa kuyeyusha shaba. Kontakta imetengenezewa moto huo: ncha zake zina madini magumu, zinafunguka haraka kwa springi, na juu yake kuna vijisahani vinavyoukatakata ule mwale hadi ufe pale mkondo unapopita sifuri, jambo linalotokea mara 100 kila sekunde kwenye stima yetu ya hezi 50. Inaweza kufanya hivyo mamia ya maelfu ya mara. Meini swichi ya chuma yenye mkono ubavuni imekusudiwa kuzimwa mara chache kwa mwaka. Ninyi mnaizima mara ngapi kwa siku? Ishirini? Fungua kisanduku (baada ya Kenya Power au fundi mwenye leseni kuondoa stima upande wa juu, maana hata mkono ukiwa chini terminali za juu zina moto) na nina hakika utakuta ncha zimeliwa, moja zaidi ya nyingine, zina vishimo vyeusi na masizi.

Ile ncha moja iliyoliwa zaidi ndiyo ninayoishuku kwa mota zako mbili.

Mota ya fezi tatu hujengwa kwa imani kwamba fezi zote tatu zipo. Kila fezi inakuja nyuma ya mwenzake, na zikipokezana hivyo zinaunda sumaku inayozunguka, nayo inaiburuta rota, ile sehemu ya ndani inayozunguka. Ikikosekana moja, hakuna tena mzunguko, kuna sumaku inayokwenda na kurudi tu mahali pamoja. Mota iliyosimama haitaondoka. Itanguruma, ikivuta mkondo mkubwa bila kupata pa kuupeleka, na ndani ya muda mfupi utasikia harufu ya vanishi. Ikiwa tayari inazunguka wakati fezi inapotea, ni hatari ya kimyakimya zaidi: itaendelea kuzunguka. Kazi ile ile iliyokuwa ikibebwa na fezi tatu sasa inabebwa na mbili, na mkondo ndani yake unapanda mara 1.7 hivi, au zaidi kwa kuwa mota inapunguza mwendo. Kijana anasikia sauti imebadilika, anadhani ni mbao ngumu. Na usijaribu kuigundua fezi iliyopotea kwa taa au testa wakati mota inazunguka, kwa sababu mota yenyewe huzalisha volti na kuirudisha kwenye ule waya uliokufa. Taa itawaka kama kawaida.

Si lazima hata fezi ipotee yote. Ncha chafu inayopunguza volti kidogo inatosha. Kanuni tunayoitumia ni kwamba asilimia 1 ya tofauti ya volti baina ya fezi huzaa tofauti ya mkondo ya asilimia 6 hadi 10. Ongeza hewa ya Lamu, hasa wakati wa kusi upepo unapoleta chumvi mpaka ndani ya nyumba za mawe, na unga wa mbao unaokaa ndani ya kisanduku ukanyonya unyevu usiku, utaelewa kwa nini kiungo kilichokazwa vizuri mwaka jana leo kina joto.

Kuna njia ya kuthibitisha bila kubahatisha. Rudi kwa fundi aliyekuwaindia umuulize koili za zamani zilikuwa na sura gani alipozitoa. Mota ikikosa fezi huungua kwa mpangilio: iliyofungwa sta (koili tatu zimekutana ncha moja katikati) huungua makundi mawili ya koili na moja kubaki safi, iliyofungwa delta (koili zimeunganishwa kama pembetatu) huungua kundi moja na mawili kubaki. Mota ya ukubwa wa yako, kwa 415 V, huenda ni delta. Kama atakuambia zote zilikuwa nyeusi sawasawa, basi lawama haiko kwa fezi, iko kwa kuzidishiwa kazi: visu butu, kina kirefu mno, au feni ya nyuma imezibwa na unga. Mafundi wazuri wa kuwaindi hukumbuka mambo haya kama daktari anavyokumbuka kidonda.

Hapo tunafika kwa ovalodi, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa fundi wako. Ovalodi iliyokata kila saa ilikuwa ikisema kweli. Aliyeizungusha mpaka mwisho ni sawa na aliyemziba mdomo mlinzi kwa kuwa anapiga kelele. Mota ya 7.5 kW kwa 415 V huvuta takriban ampia 15 ikiwa na mzigo wake kamili. Namba halisi iko kwenye kibao, na hiyo ndiyo inayowekwa kwenye ovalodi, si zaidi, ikiwa stata yako ni ya kuwasha moja kwa moja. Ikiwa ni sta-delta (inayoondosha mota kwa sta kisha kuihamishia delta) na ovalodi iko ndani ya mzunguko wa delta, basi unazidisha kwa 0.58: ampia 15 zinakuwa kama 8.7. Nimeona karakana nyingi zikiweka 15 hapo, na mota ikabaki haina ulinzi wowote. Usiogope kwamba itakata wakati wa kuwasha, ingawa mota huvuta mara 6 hadi 8 ya mkondo wake ikiondoka. Ovalodi ya kawaida imepimwa kuvumilia sekunde kadhaa za hali hiyo. Ikikata kila mara, mwite fundi mwenye mita ya kubana apime fezi zote tatu randa ikiwa inakula mbao. Akikuta zote tatu zinakaribiana lakini zimepita namba ya kibao, shida ni mzigo. Akikuta 9, 17, 19, shida iko kwenye nyaya au ncha. Akikuta sifuri kwenye moja, zima hapo hapo.

Wakati uko hapo, muulize pia kama kabla ya stata una fyuzi tatu moja moja. Fyuzi moja ikiungua peke yake, mbili zinabaki na mota inakosa fezi. Breka ya mota ya ncha tatu, inayokata zote kwa pamoja na kuhisi fezi iliyopotea, ingekuwa badala nzuri kuliko gharama ya kuwaindi mara ya tatu.

Invata sasa. Ni mtambo mzuri, nami nina mbili ninazozitunza Malindi kwenye pampu za maji. Inabadilisha stima kuwa ya moja kwa moja (DC), kisha inaitengeneza upya kwa kasi unayotaka, kwa hivyo mota inaondoka polepole bila ule mvuto unaofifisha taa za jirani. Ingekulinda dhidi ya kuzidiwa na dhidi ya fezi iliyopotea. Lakini sidhani uinunue. Randa yako inahitaji kasi moja tu, na invata ina feni ndogo inayovuta hewa kupita juu ya saketi zake. Hewa yako ni chumvi na unga wa mbao. Ungelazimika kuijengea kabati safi. Halafu ina desturi zake za kukatwa. Ile isoleta niliyokuambia uweke ukiiweka kati ya invata na mota, ukaifungua mota ikizunguka, unaweza kuiua invata. Na ukiitenga kwa upande wa kuingilia, ndani yake kapasita bado zimeshika karibu volti 587 za moja kwa moja, ambazo huisha baada ya dakika 5 hadi 15 kadiri kifuniko kinavyoelekeza. Kwa mtu aliyekuwa akibana kitufe kwa mti, naomba uniwie radhi, tuanze na stata nzima kwanza. Ikiwa tatizo lako hasa ni kwamba taa hufifia mota ikiondoka, stata ya sta-delta hupunguza mvuto hadi theluthi moja. Nguvu ya kuondokea nayo hushuka hadi theluthi, lakini randa huondoka tupu bila mbao, kwa hivyo haitaona tabu.

Nikurudishe kwenye kubadilisha visu, na hasa kufungua kisanduku cha mota chenyewe. Kwa visu, kuzima, kusubiri visu visimame vyenyewe (usivisimamishe kwa kipande cha mbao kama nilivyoona wengine), kutenga, kutia kufuli, kisha kubonyeza kijani uone kama kuna kitu kinaitika. Kwa kushika waya, hiyo haitoshi, lazima kupima. Testa ya bisibisi yenye kitaa usiitegemee: inahitaji mkondo upite mwilini mwako hadi chini, na mtu aliyevaa kandambili juu ya sakafu ya mbao, mchana wa jua, anaweza kuishika kwenye fezi hai asione mwanga. Tumia kipimo cha ncha mbili. Kijaribu kwanza mahali unapojua kuna stima, ndipo upime fezi kwa fezi zote tatu, na kila fezi kwa ithi (waya wa ardhini) na kwa nyutro, kisha urudi pale pa kwanza kuhakikisha kipimo hakikufa katikati ya kazi. Rangi za nyaya zisikuamulie. Nyumba za zamani fezi ni nyekundu, njano na buluu, nyutro nyeusi. Nyaya mpya fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro buluu. Yaani nyeusi na buluu zimebadilishana mahali, na karakana iliyoongezwa vipande kwa miaka mingi huwa na zote mbili ukutani pamoja.

Kazi hii ya isoleta na stata usimpe kijana wa mtaani mwenye koleo. Mtake fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ya daraja linaloruhusu fezi tatu, na umwombe akuonyeshe. Mihuri ya mita ni ya Kenya Power, asiiguse yeye wala wewe. Akimaliza, apime pia uimara wa koili dhidi ya bodi (mwili wa chuma wa mota) kwa megga ya volti 500, kipimo cha kuona kama stima inavuja. Chini ya megohimu 1 mota ikauke au irudi kwa fundi kabla ya kuwashwa. Kama una jenereta, ahakikishe swichi ya kubadilishia haiwezi kuunganisha jenereta na laini ya nje kwa wakati mmoja, na mpangilio wa fezi ni ule ule, la sivyo randa itazunguka kinyume siku ya kwanza mtakapoitumia.

Na iwapo yeyote pale karakanani amewahi kuhisi mtetemo mdogo wa stima akigusa bodi ya randa, usisubiri fundi wa wiki ijayo. Tenga mashine leo na usiiwashe, maana ithi imekatika. Akipigwa mtu na stima, kata kwanza ndipo umguse, na hata akisema yuko sawa apelekwe hospitali akapimwe moyo, kwa kuwa athari yake huweza kuchelewa.

Kabla hujanunua chochote, piga picha ya kibao cha mota, iliyo wazi kiasi cha kusomeka ampia na zile volti mbili zilizoandikwa pamoja, na nyingine ya ndani ya kisanduku cha stata kikiwa kimetengwa. Nitumie. Kama kibao kinasema 240/415, mota hiyo kwa stima yetu ni ya sta tu na habari ya sta-delta uisahau. Kama ni 415/690 tutaendelea nayo. Mti huo, hata hivyo, hausubiri picha.